Baba Anataka Nyumba ya Wazee, Nami Nilimtafsiria Uongo

Shangazi Kornelia mpendwa, naomba msaada wako kabla sijapoteza na ile heshima kidogo niliyobaki nayo, mimi ni mama wa watoto wanne, Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, sasa naishi Highview hapa Louisville na kazi yangu ni kufunga maboksi kwenye ghala la Jeffersontown, na kinachonisumbua ni baba yangu mzazi, Mzee Aloisi, ana miaka sabini na mbili, tangu mama afariki anaishi kwangu, anakula vizuri, ana chumba chake, halafu mwezi wa nne akatamka mbele ya wageni kwamba anataka kuhamia nyumba za wazee, zile za kila mtu na mlango wake.

Shangazi, nilitamani ardhi ipasuke. Kwetu mzazi hapelekwi kwa watu, na tayari nawasikia kanisani wakisema Veridiana amemchoka baba yake, basi nikamwambia sawa, twende tukaziangalie, moyoni nikijua nitakachofanya, kwa sababu baba anajua Kiswahili na Kirundi tu, Kiingereza hajui, na mkalimani ni mimi.

Hapa Louisville aliuliza kama ataweza kulima, meneja akajibu kwa furaha kwamba nyuma kuna bustani na kila mzee ana kipande chake, mimi nikamwambia baba, "Wanasema ukigusa udongo wanaita polisi." Columbus, anakokaa kaka yangu Yoeli, aliuliza habari za maombi, akaambiwa kuna ibada kila Jumatano, mimi nikatafsiri kwamba wanaruhusu kuomba kimoyomoyo tu, tena mlango ukiwa umefungwa. Na kote aliuliza kama mgeni anaweza kulala, wakasema ndiyo, hata siku kadhaa, mimi nikasema mgeni anafukuzwa saa kumi na moja jioni. Mameneja walishangaa mzee anaingia akitabasamu na kutoka amenuna.

Mwezi uliopita tukaenda Buffalo kwa dada yangu Generoza, tukatembelea nyumba ya tatu, na nilipofika kwenye ule uongo wa bustani, mama mmoja mfanyakazi aliyekuwa anakunja mashuka akageuka, kumbe ni Mkongomani wa Bukavu, anaitwa Nabintu, akasema, "Papa, uyu binti yako anakudanganya. Bustani iko, ata mimi napandaka lengalenga umo. Bon, kama hapendi ukuje, aseme wazi."

Baba akamwomba yule mama aendelee kumtafsiria. Wiki tatu sasa ananijibu ndiyo na hapana tu, na amesema atahamia hukohuko Buffalo kwenye theluji ya kiunoni. Nifanyeje abaki, na kanisani niseme nini?

Veridiana, Louisville

Veridiana mwanangu, barua yako nimeisoma nikacheka mpaka mwenzangu wa hapa studio ya redio akaja kuuliza kuna nini, halafu nikakasirika. Polisi waitwe kwa ajili ya udongo? Kipaji unacho, ila umekitumia vibaya.

Pole nakupa. Najua macho ya watu kanisani yanavyochoma, na kumwona mzazi akifunga mizigo kunauma hata kama hukumfukuza. Lakini hebu niambie, unatoka saa ngapi kwenda ghalani, na unarudi saa ngapi? Watoto wako wanamjibu babu yao kwa Kiingereza, au nakosea? Basi mzee chumba anacho, chakula anacho, wa kuongea naye hana. Hajakuchoka wewe, amechoka kukaa na televisheni asiyoielewa. Na huyo mgeni aliyekuwa akimuulizia mahali pa kulala, ulidhani ni nani? Anayemkimbia mwanawe hamtafutii kitanda. Ni wewe, mama, na ulimjibu kwamba utafukuzwa jioni.

Sasa sikiliza. Asihamie Buffalo kwa hasira, na wewe usimzuie kwa hila. Rudini kwanza kwenye ile nyumba ya Louisville uliyomharibia. Mkalimani awe mtu mwingine, wewe kaa nyuma ufunge mdomo. Nendeni saa ya chakula cha mchana bila kupiga simu, maana siku ya miadi hata korido hunukia vizuri. Onjeni chakula. Mwacheni akae na wazee wenzake nusu saa, muone kama kuna anayemsalimia. Aulize akianguka bafuni nani anakuja, na baada ya dakika ngapi. Aulize basi linapita wapi. Rudini tena Jumapili, wakubwa wakiwa hawapo. Mkataba asiusaini siku hiyohiyo hata akipewa keki, usomwe kwanza na mtu anayeuelewa, hasa pale panapoeleza mtu anaweza kutolewa kwa sababu gani.

Halafu achague yeye. Akichagua Buffalo, mnunulie koti zito na viatu vya theluji.

Wa kanisani wakikuuliza, wape kila mmoja siku yake ya kwenda kumtembelea, utaona watakavyonyamaza.

Lakini hayo yote ni ya baadaye. Leo ukitoka kazini usianze na vyombo. Zima televisheni, kaa karibu na baba yako, umwombe radhi kwa Kiswahili kilekile ulichomdanganyia.