Pua ya Yeongsanpo

Yeosu, 2 Septemba 1991

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima.

Nimepata kazi kwenye kiwanda cha kemikali. Nazunguka mapipa nikinusa kama kuna linalovuja. Kemikali yenyewe inaitwa amini. Haina rangi, inashika moto upesi, ikikugusa inaunguza ngozi, na wanasema inanuka samaki. Wenzangu ikiwafika puani wanatimua mbio. Mimi sishtuki, naona niko nyumbani tu, nyuma ya duka, kati ya mitungi yako ya samaki taa waliovundikwa hadi wakawa wakali. Msimamizi wetu, Bwana Tak, anasema hajaona mtu jasiri kama mimi.

Jioni nikitoka kazini, kila balbu naiona imezungukwa na pete ya buluu. Inapendeza kweli.

Mwanao,
Geum-ran

Yeongsanpo, 9 Septemba

Geum-ran mwanangu,

Hujambo? Magoti yananiuma, ila barua yako imeniuma zaidi.

Miaka yote nauza taa, wateja wanatokwa machozi na kamasi, hakuna hata mmoja aliyeniambia ameona pete kwenye balbu. Hiyo amini jina lake zuri, lakini mimi siiamini. Inakula macho yako. Wala wewe si jasiri. Pua yako, kama za wote wa mji huu wa kuvundika taa, ilikufa humu dukani kabla hujaota meno. Mwambie huyo Tak akupe kazi nyingine. Ukiona haya, nakuja kumwambia mwenyewe.

Nimekutumia taa kidogo wa Chuseok, sikukuu ya mavuno isikupite. Ule na wenzako.

Mama yako

Yeosu, 26 Septemba

Mama,

Shikamoo. Usishtuke ukisikia habari kwa watu.

Nilikuwa bado naona haya kumwambia Bwana Tak. Nikafungua kifurushi chako kwenye chumba cha kulia, mtu akapiga king'ora. Kiwanda kizima kikakimbilia kule upepo unakotoka. Wazimamoto wakaingia na vinyago, wakammwagia taa wako maji robo saa nzima, kama kanuni inavyotaka.

Bwana Tak akaniuliza kwa nini sikukimbia. Nikamwambia sikusikia harufu yoyote. Akavaa kinyago, akaenda na kipimo kwenye mapipa yangu. Mawili yalikuwa yanavuja, mvuke umetambaa chini hadi karibu na wachomelea vyuma. Mimi nilikuwa napita pale kila siku nasema salama.

Nimelia, Mama. Daktari anasema macho yatapona kwa kuwa nimetolewa mapema. Sasa niko stoo. Langoni wamebandika tangazo: mzaliwa wa Yeongsanpo asipewe kazi ya kunusa.

Mwanao,
Geum-ran

Yeongsanpo, 1 Oktoba

Mwanangu,

Macho yanaendeleaje? Nimelia mbele ya wateja, wakadhani ni ukali wa taa.

Bwana Tak mwambie namshukuru sana, aje na mkewe, nitawakatia kipande cha karibu na pua ya taa, kile kitamu. Tangazo lao nimelisamehe. Ila hao waliomwosha taa wangu kwa maji, ladha yote ikaenda, wasikanyage kwangu.

Mama yako