Filta Nyekundu, Filta ya Karatasi

Jumatatu, 3 Machi

Miaka kumi na minane ya ndoa leo. Mume wangu kaniletea zawadi — boksi lenye utepe wa kijani. Jepesi. Nikasema moyoni: kitambaa? Viatu? Nikafungua. Filta ya hewa ya gari! Nyekundu, ya pamba, imelowa mafuta, inanata vidoleni.

Nimecheka. Afadhali kucheka.

Yeye hakucheka. Kaeleza nusu saa, mkono kiunoni. Ya karatasi ikichafuka unatupa. Hii unaosha, unaipaka mafuta yake, unairudisha, na gari litazeeka liiache. Injini inapumua vizuri, vumbi linanaswa na mafuta. Mume wangu ni mtunza stoo hospitalini, hajawahi kufungua injini ya mtu. Ila ana simu na ana video. Ndiyo maana nyumbani tunamwita Mhandisi. Kwa mapenzi. Mara nyingi kwa mapenzi.

Ile ya karatasi kaitoa na kuitupa kabla sijasema ndiyo wala hapana. Ilikuwa na mwezi mmoja tu! Na gari si la matembezi. Ndilo darasa langu: kibao cha mwanafunzi mbele na nyuma, breki ya pili miguuni pangu. Likilala, nami nimelala.

Nimesema asante. Ni zawadi.

Alhamisi, 6 Machi

Gari halina neno. Haya, nakubali. Huenda hata lina nguvu kidogo zaidi, au ni masikio yangu yanataka amani nyumbani.

Leo mwanafunzi wangu Mshonaji kafanya vizuri ajabu. Mama wa miaka hamsini na minane, kashona sare za shule maisha yake yote, hakuwahi kushika usukani mpaka mwaka jana. Marehemu mumewe alimwachia kigari cha mizigo, kimefunikwa turubai uani. Anataka kupeleka sare zake mwenyewe, asimbembeleze mpwa wake ambaye hata siku ya kwenda haijui mpaka ifike. Mtihani kashindwa mara mbili. Mara ya kwanza aligonga nguzo, mara ya pili alisahau taa. Wa tatu ni tarehe 18.

Kilima kakipanda mara sita. Mara sita! Breki ya mkono, klachi, mafuta, twende. Ya mwisho akaimba kidogo puani. Nikamwambia, mama, safari hii hawakupati. Akasema, "Mwalimu, usinivishe kilemba cha ukoka." Lakini kafurahi, nimeona.

Jumatano, 12 Machi

Mhandisi kaosha filta. Siku tisa tu! Eti aliifungua "kuiangalia", akakuta vumbi, akashtuka. Si ajabu. Uwanja wetu wa mazoezi umepakana na wasagaji kokoto, huko hata majani ni meupe. Lakini kwenye boksi lake mwenyewe pameandikwa isioshwe ovyo. Nikamwonyesha. Akasema hao wanaandikia nchi zisizo na vumbi.

Kaiosha kwenye beseni langu la kufulia. Kaanika dirishani saa moja hivi, kisha kapaka mafuta. Kaitazama. Kapaka tena. Nikamuuliza, si yanatosha? "Vumbi hili linataka mafuta mengi." Alisema kama daktari. Kairudisha ingali inachuruzika.

Beseni limebaki na rangi nyekundu. Nimelisugua mara mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbaya. Mshonaji kazimisha gari mara nne, mbili kilimani. Likianza kupanda linakohoa, linasita, kimya. Nikamwambia mguu wako mama, unaachia klachi haraka. Akaachia polepole. Likazima. Nikasema basi ongeza mafuta. Akaongeza. Likasita tena, likaruka, likazima.

"Mwalimu, si mimi. Gari leo zito."

Nikamjibu — nayaandika kama nilivyoyasema — kwamba kila anayeshindwa kuendesha husema gari zito. Akawasha tena. Hakuimba.

Nimechoka pia. Wanafunzi watano leo, jua, vumbi la kokoto hadi kwenye meno.

Jumanne, 18 Machi

Kashindwa.

Mtahini ni yule mrefu, anayeandika huku kageuza karatasi usiione. Mimi nilikaa nyuma, hairuhusiwi kufungua mdomo. Kuegesha, safi. Mzunguko, safi. Taa, zote. Kilimani — likazima. Kaliwasha. Likazima. Mara ya tatu likarudi nyuma kiasi cha hatua mbili, mtahini akavuta breki ya mkono mwenyewe. Akisha kuivuta yeye, mtihani umekwisha.

Mshonaji akauliza kwa adabu kama gari linaweza kukaguliwa. Mtahini akasema yeye anapima madereva, magari yana watu wake. Kisha akanitazama mimi. Mwalimu, gari lako lina tatizo?

Nikasema hapana.

Nilisema hapana! Bila kufikiri! Sijui kwa nini. Ndiyo, najua. Gari langu, jina langu, wanafunzi wengine kumi wananisubiri.

Njia nzima ya kurudi hakulia. Ningependa angelia. Alipokuwa anashuka nikamwambia apumzike miezi mitatu, kisha tujaribu tena kama bado ana moyo. Kama bado ana moyo. Maneno gani hayo? Akakunja leso yake mara nne, akasema asante kwa kunivumilia, mwalimu.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimejua. Asubuhi ilikuwa zamu ya Muuguzi, kijana makini asiyekosea hata akipiga chafya. Likamzimia kilimani mara tatu. Nikafungua mdomo kusema mguu wako — nikaufunga.

Tukabadilishana viti. Nikashika mwenyewe. Miaka kumi na mitano nafundisha watu kupanda kilima kile. Likanizimia. Nikawasha, likapanda nusu, likatetemeka kama mtu mwenye homa, likazima tena, lori la kokoto nyuma yangu linapiga honi, dereva kachungulia dirishani anauliza: "Mwalimu, nani anamfundisha nani?"

Muuguzi alitazama nje upande wa pili. Mstaarabu.

Nyani haoni kundule. Wiki nzima nimeutazama mguu wa mama wa watu.

Alhamisi, 20 Machi

Kwa Fundi Kimya. Tunamwita hivyo kwa sababu ukimsalimu anaitikia kwa nyusi. Kafungua boneti, katoa filta, kaibonyeza kwa kidole gumba. Mafuta yakatoka! Yakadondoka sakafuni, tone, tone. Akanitazama.

"Umeikaanga?"

Nikasema ni mume wangu. Akatikisa kichwa kwa huruma, sijui kwangu au kwa mume.

Akanionyesha. Nyuma ya filta kuna kisensa kidogo, kina waya mwembamba kuliko unywele, ndicho kinachoiambia injini hewa kiasi gani imeingia iweze kupewa petroli yake. Mafuta ya filta yamepeperuka, yamekivaa chote. Injini inadanganywa. Inapewa petroli ya kubahatisha, na penye mlima ndipo uongo unapojulikana. Kakipuliza dawa yake, kakiacha kikauke, kaweka filta ya karatasi. Gari likanguruma kama lilivyokuwa zamani. Dakika arobaini kazi yote. Dakika arobaini!

Nikamuuliza ipi bora basi. Nilitaka jibu la kumpelekea Mhandisi usoni. Fundi kafikiri sana. Akasema ya mafuta si mbaya, mradi mkono wa anayeipaka uwe na kiasi. Ya karatasi haihitaji mkono. "Kwa vumbi lako na mume wako, karatasi." Hotuba ndefu kuliko zote nilizosikia kwake.

Nyumbani moto umewaka. Nimemwekea filta mezani juu ya gazeti. Akaanza: fundi wa kizamani, hao wanaishi kwa kukuuzia karatasi kila mara. Nikamwambia Mshonaji kashindwa mtihani kwa filta yako. Akasema mimi ndiye mwalimu, niliyekaa humo kila siku. Sikusikia gari linakohoa? Sikujua sauti ya gari langu?

Nikapandisha sauti. Ndivyo inavyokuwa.

Akaichukua filta yake akatoka nayo nje kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekwenda ofisi ya leseni, nikapanga foleni tangu wanafungua. Nimewaambia gari lilikuwa bovu, mtihani ule urudiwe. Karani akafungua faili. Hapa mwalimu ameulizwa akasema gari zima. Je, nilidanganya siku ile au leo?

Nikasema siku ile.

Akasema niandike barua. Barua itakwenda kwa mtahini. Mtahini yuko likizo. Hadi hapo ni kungoja miezi mitatu, kama kawaida ya aliyeshindwa. Alisema yote hayo bila ubaya, huku anatafuta kofia ya kalamu yake.

Barua nimeandika pale pale kaunta. Nimeandika kila kitu, hata lile neno hapana.

Habari nyingine, mbaya zaidi: Muuguzi kaniambia Mshonaji anauza kigari cha marehemu. Mnunuzi anakuja kesho saa nne. Nilikuwa nikiahirisha kwenda kwake — nikisema moyoni nitamwendea nikiwa na jibu la ofisi mkononi. Uongo. Nilikuwa naogopa. Kesho, saa tatu, liwalo na liwe.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nimekaa kwenye ngazi ya nyumba ya Mshonaji, daftari magotini. Nianze mwanzo.

Asubuhi nafungua boneti kutazama maji. Nyekundu! Mhandisi kairudisha filta yake! Nikaingia ndani na bisibisi mkononi. Alikuwa anakunywa chai. Akasema, taratibu kabisa, kwamba ameiosha tena juzi, imekauka kutwa nzima jana, mafuta kahesabu tone kwa tone, safu moja, usiku kucha kaiacha ikae. "Liendeshe kwanza, mke wangu. Likizima, nitaitupa mwenyewe." Na macho yake! Mtu mzima ananitazama hivyo kwa ajili ya filta.

Ile ya karatasi alikuwa kaifunga vizuri, kaiweka kwenye kiti cha nyuma. Muda wa kubadilisha sikuwa nao. Nikaondoka kwa hasira, nikalipitisha kilimani kusudi, nikingoja lizime nimpigie simu nimwambie.

Halikuzima. Lilipanda kama maji yanavyoshuka. Nilikasirika zaidi! Ningepata filta ya kulaumu, sasa hata hiyo sina.

Mshonaji alikuwa uani, keshalifunua turubai, anafuta vumbi kwenye kioo cha kigari cha mumewe kwa kipande cha sare. Nikamwambia wima wima, kabla ya salamu kuisha. Haukuwa mguu wako mama. Ni filta, ilitiwa mafuta mengi, kisensa kikachafuka, lilinizimia hata mimi.

Hakuacha kufuta. "Nilikwambia gari zito."

"Uliniambia."

"Ukasema kila anayeshindwa husema hivyo."

"Nilisema."

"Filta haikusema, mwalimu. Filta haina mdomo." Kisha akaniuliza kuhusu mtihani. Mtahini alipokuuliza, ulikuwa hujui bado?

Ningeweza kusema sikujua. Ni kweli, sikujua. Nikamwambia: nilishaanza kushuku, nikaogopa kushuku. Nikamwambia na barua, na karani, na miezi mitatu.

Akaweka kitambaa chini. Nilidhani ataniambia niondoke, na ningeondoka. Akanyoosha mkono. "Lete ufunguo."

Nikampa ule wa gari langu. Nikaenda upande wangu, nikafungua mlango, nikaketi. Akasema, "Wewe shuka."

Mama, huna leseni. Sheria. Ukikamatwa, mimi nafungiwa shule. Nilisema yote. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu ileile. "Nimekaa na wewe pembeni mwaka mzima. Sijawahi kujua ni mimi ninayeendesha au ni wewe." Akavuta kiti mbele, akaweka kioo sawa, akatazama bega la kulia. Kila kitu kwa mpangilio, kama nilivyomfundisha. Nikashuka. Mungu nisamehe, nilishuka.

Hiyo ilikuwa saa tatu na nusu.

Sasa saa nne na dakika tano. Mnunuzi kafika, baba mnene mwenye tabasamu, na kamba ya kuvutia gari begani. Kazunguka kigari mara mbili, kapiga teke matairi, kaniuliza mwenyewe yuko wapi.

Nikasema katoka.

"Katoka wapi? Si tulipatana saa nne?"

"Anaendesha," nikasema.

Akacheka. Mimi sikucheka. Keshaanza kufungua kamba, anaipima na ndoana ya mbele, anauliza kama naweza kumshikia upande huu. Nimemwambia nina kazi, ndiyo hii ninayoandika.

Simu yangu inalia. Mhandisi. Sipokei — nataka masikio yote mawili.

Kuna injini kule chini, inapanda mteremko wa nyuma ya nyumba. Ni yetu, safari hii naijua sauti. Imesimama. Haijazima, imesimama tu, inanguruma polepole, kuna lori mbele yake au kuna askari, sioni. Mnunuzi naye ameacha kamba, anasikiliza.

Gia ya kwanza. Naisikia ikiingia. Mafuta — kidogo mama, kidogo —