Kitako Kilichopigwa Msasa

Jumamosi. Hapa Okolona, Amerika, kumepoa, mvua nyembamba tangu asubuhi. Nimetulia kuliko nilivyotarajia.

Wiki nzima nimejiandaa kuikagua bunduki anayouza Mzee Walter, jirani yetu. Ni ya kijeshi, ya zamani, inafanana na ile iliyo begani mwa baba katika picha pekee tuliyotoka nayo Kivu. Baba alikuwa mlinzi wa msitu. Nakiri: nilitaka kushika kitu kama alichokishika yeye.

Kwanza nilihakikisha haina risasi. Nikamulika tochi ndani ya mtutu: mistari ya kuzungusha risasi iliyochongwa humo bado mikali, kutu hakuna. Namba zilizogongwa kwenye vyuma vyake zote zinalingana, na hilo hupandisha thamani. Lakini kitako cha mbao kimepigwa msasa upande mmoja, kikapakwa vanishi mpya. Wanaokusanya silaha za kale hawapendi hivyo. Nikaandika kwenye daftari: "Mbao imeharibiwa. Bei ishuke."

Nikarudi nyumbani najiona fundi.

Mke wangu alikuwa anasonga ugali. "Bon, haya, Baba Neema, namba zote umesoma. Umemuuliza kwa nini anauza?"

Sikuwa nimeuliza.

"Amerika imekufundisha kuanza na tochi!" Akacheka mpaka mwiko ukasimama.

Ana haki ya kucheka. Kule kwetu milimani hata mtoto anajua: kabla ya kutazama pembe za ng'ombe, unauliza kwa nini anatoka zizini.

Nikarudi kwa Mzee Walter, nikauliza. Bunduki ilikuwa ya mdogo wake, marehemu, aliyewindia paa. Alikuwa amechonga jina lake kwenye kitako. Mzee alilifuta mwenyewe kwa msasa majuzi, ili asilione likitoka mlangoni. Alipokuwa akieleza, kiganja chake kilikuwa kinapapasa pale palipo laini.

Ningeweza kuichukua leo. Bei ilikuwa nzuri.

Ila baba hakununua kamwe ng'ombe ambaye mwenye mali bado anamlilia.

"Mzee, ikae kwako kwanza," nikamwambia. Hakubisha. Aliirudisha kwenye mfuko wake wa turubai, akaniuliza kama nakunywa kahawa. Nikanywa, ingawa siipendi.

Sasa nimefungua daftari na kukata yale maneno, "Mbao imeharibiwa." Sijui niandike nini badala yake.

Picha ya baba iko mbele yangu. Wiki nzima nilikuwa natazama bunduki tu.

Kumbe baba anatabasamu.