Aingie kwa Mlango wa Jikoni

Tarehe 4 Machi

Mwanangu kitindamimba,

Pokea salamu. Mimi mzima, isipokuwa magoti. Kaka yako mzima, mkewe mzima, pacha wao wazima na wanapigana tangu asubuhi. Shangazi yako anakusalimu, anauliza utanenepa lini. Baba yako mko naye huko hospitalini. Mpe salamu zangu sikioni, hata wakikucheka.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa kidole. Kwamba mlimwingiza baba yako kwenye mashine ya kutazama ubongo, mkamwambia aingie nyumbani kwake kwa mlango wa mbele, atembee chumba hadi chumba, kichwani tu, na picha haikuwaka popote. Kwamba mtajaribu mara moja tena, kisha daktari ataandika kuwa hajitambui.

Mwanangu, mlikosea. Mlango ule aliutengeneza mwenyewe, mvua ikauvimbisha, na huu mwaka wa kumi na moja hajaupita. Fundi seremala mzima, aibu ilimshika. Mlimwacha amesimama nje. Mwambieni aingie kwa mlango wa jikoni.

Mama yako

Tarehe 19 Machi

Mama, shikamoo. Sijambo, na mgonjwa wetu yuko vilevile kwa kumtazama.

Nilimsomea daktari barua yako. Akacheka, halafu akaniomba niisome tena. Leo tumemwambia baba aingie kwa jikoni. Mama, ile sehemu ya ubongo inayoshika njia iliwaka. Tukamwambia apumzike, ikazimika. Mara tano hivyo. Daktari anasema wataalamu bado wanabishana fahamu ni kitu gani, na mashine huweza kumkosa mtu aliyemo. Lakini huyu yumo.

Sasa tutamuuliza swali moja. Kama jibu ni ndiyo, atembee nyumbani. Kama ni hapana, arande mbao akilini. Daktari anataka swali litoke kwako.

Mwanao

Tarehe 25 Machi

Mwanangu,

Wote wanakusalimu, leo siwataji mmojammoja. Tangu barua ifike namhisi humu ndani. Nikipika nasogea kando apite.

Swali langu ni hili. Siku ile baba yako mdogo alipokaa kitandani pa mgonjwa wetu akagawa randa na misumeno yake, akisema huyu ameshakwenda, nami nikanyamaza, alisikia?

Hapana, usimuulize hilo. Jibu lake ni refu, na ninyi mna ndiyo na hapana tu. Nitakuja nimuulize mwenyewe, nimshike mkono.

Muulize kama anasikia baridi miguuni. Akitembea nyumbani, mvalishe soksi papo hapo, kisha uniandikie siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Mama yako