Utafiti Wetu Umemezwa na Ng'ombe

Modesta, uko wapi? Nimekwisha mimi.

Ile transista yetu ya plastiki, ile inayopima chumvi na joto ndani ya maji, imemezwa na ng'ombe. Imemezwa!! Pamoja na kile kidude chake cha kutuma vipimo kwenye simu.

Niliiacha kwenye ndoo ya maji hapa Susuni mpakani, kwa baba mdogo, nikaingia kunywa chai. Kutoka nje, ng'ombe anajilamba midomo, ndoo tupu.

Na bado inasoma! Chumvi na joto la tumboni, vizuri kuliko kule maabara.

Nikampigia profesa nikitegemea matusi. Akapiga kelele za furaha: "Haimdhuru, tuliitengeneza kwa ajili ya mwili! Huyo ng'ombe asitoke hapo!"

Asitoke vipi? Ni ng'ombe wa mahari ya Okinyi, mtoto wa baba mdogo. Wakwe wako Kenya, wanamngoja leo.

Nikamwomba baba mdogo abadilishe ng'ombe. Akaniangalia weee. "Akinyi, niwaambie wakwe ng'ombe wao ana kazi chuoni?"

Ameshamfungua, wameondoka. Nilikimbia nyuma yao na simu mkononi mpaka namba za vipimo zikakatika.

Profesa anapiga tena. Namwambiaje kwamba utafiti wetu umetolewa mahari?