Hema Nililolifua kwa Sabuni

Baba yangu,

Nisamehe kwa kukawia hivi. Barua yako nimeichomeka kwenye ukingo wa kioo tangu baada ya Pasaka, na kila nikichana nywele naiona. Uliuliza kama hema limetufaa, ukasema Desemba unakuja kumpeleka mjukuu wako Nekesa akalale ndani yake kule Naivasha. Kazi ya kiwandani inanichosha na mtoto hanipi usingizi, lakini hiyo si sababu. Niliona aibu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa hapa mtaa wa Tena, ukirudi kutoka Industrial Area na vipande vya turubai la lori vilivyobaki kazini? Ulishona hema, ukalifunga juu ya keria ya pikapu, ukaliwekea ngazi ya mbao. Kila tulipotoka Naivasha ulikuwa na jambo la kuongeza: mara dirisha la neti, mara kifuniko cha pili cha mvua. Watoto wa plot yetu wakatuita njiwa, eti tunalala juu ya gari. "Niaje njiwa! Leo mmeshuka?" Wewe ulicheka nao. Mimi nilijificha nyuma ya tangi la maji, na shuleni nikasema pikapu ni ya jirani.

Ulipohamia Bungoma ukaniachia hema, ulinionya, "Hili halifuliwi, mama. Unalipangusa tu kwa maji."

Nikalifua. Tulikuwa tunajiandaa kwa safari ya Pasaka, Mama Shiro wa mlango wa pili akapita akiziba pua: "Mama Nekesa, hilo ni la kufunika makaa ama mtalala humo?" Nikacheka naye. Alipoingia kwake nikalishusha, nikalisugua kwa brashi na sabuni ya unga mpaka maji yakatoka rangi ya maziwa. Likawa safi, jepesi, halinuki. Sikujua nta uliyolipaka ndiyo ilikuwa inazuia mvua.

Kule Naivasha mvua ikatukuta alfajiri, maji yakaingia kama kwenye chujio. Nekesa aliamka akilia, blanketi limelowa chepechepe. Baba yake akashika mshono, akasema, "Kumbe mzee wako alitushonea kitu cha kuvuja."

Nikalikamua blanketi, Baba. Nikamwacha aamini. Akawasimulia wenzake gereji, nami nikiwapelekea chai nikawasikia wakicheka kazi ya mikono yako.

Jumapili tukitoka kanisani nilimwambia yote. Alisimama njiani. "Kwa hivyo nimemsema mzee miezi yote hii bure?" Nikasema ndiyo. "Basi mwandikie leo. Gereji nitawaambia mwenyewe."

Kwa hivyo naandika. Na tafadhali, ukija usiliguse hema. Nitalipaka mwenyewe, mchana, hapo nje kwenye kamba za nguo, Mama Shiro akitazama. Nitumie tu nta ya mizinga yako ya nyuki, vipande viwili vikubwa. Sindano moja ya gunia. Uzi wa pamba, usiwe wa nailoni. Na karatasi yenye kipimo, nta kiasi gani kwa mafuta ya taa kiasi gani, maana miaka yote uliyokuwa ukipaka nilisimama kando yako, na macho yangu yalikuwa barabarani kuangalia ni nani ananiona.

Bintiyo,
njiwa wako