Miguu ya Mama Haitulii

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi na watoto. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kidonda cha bega lako kimefunga vizuri. Wifi aliniambia kwenye simu kwamba nyuzi zimeshatolewa na sasa unaweza kuvaa shati peke yako, ila bado unajifanya huwezi kwa sababu umeonja utamu wa kuvalishwa. Nilicheka, na nilikuwa sijacheka siku nyingi. Huku tunaendelea. Bucha tunafungua kila asubuhi, Bonge bado anakata nyama huku akiimba kwa sauti yake mbaya ile ile, na Mama yupo. Najua hutaki kusikia habari zake. Uliondoka na bandeji ukiapa kwamba hutakanyaga hapa mpaka afungiwe, na siku hizi kila nikimtaja kwenye simu unakata. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Barua huwezi kuikatia, ila unaweza kuichana, basi nakuomba usiichane kabla hujafika mwisho.

Baada ya wewe kuondoka nilikiona cha mtema kuni. Ulidhani mambo yalikuwa mabaya ulipokuwepo, kumbe yalikuwa ndiyo kwanza yanapasha misuli. Mama alikuwa hakai wala hasimami mahali pamoja. Anatoka chumbani kwenda jikoni, jikoni kwenda dukani, dukani anarudi chumbani, akiburuza ndala na kusaga meno. Ukimwambia akae, anakaa, na kabla hujageuka yuko wima tena. Ukimshika mkono umkalishe, umejitafutia balaa. Alimchapa Bonge kwa chuma cha kunolea visu mpaka jicho likafumba. Jirani yetu fundi cherehani, aliyekuja kununua nusu kilo yake, alimwambia kwa upole tu kwamba apumzike kidogo. Mama alimkamata nywele akamgongesha kichwa kwenye kioo cha kabati la nyama. Kioo kilipasuka, damu ya mtu ikachanganyika na ya ng'ombe, na nyama yote ya siku ile tukaitupa. Mimi alinipiga kichwa cha uso nilipoinama kumvalisha viatu. Niliona nyota, nikatema jino kiganjani. Unamjua mama yetu, amekata nyama tangu sisi hatujazaliwa. Uzee umemla kila mahali isipokuwa mikono.

Nasi tulifuata maelekezo yako. Kila akichachamaa, tulimwongezea kidonge, kama daktari alivyoruhusu baada ya wewe kumweleza hali. Bonge anambana taya, mimi namtumbukizia kidonge, kisha namziba pua mpaka ameze. Aliniuma kidole nikaona weupe wa mfupa. Nikamzaba kofi, kaka, mama yangu mzazi, na Bonge akatazama pembeni. Na kila tulipomwongezea ndivyo alivyozidi kuwaka. Ikafika siku tukamfunga kitandani kwa kamba za kufungia ngozi. Alivuta mpaka viwiko vikachunika na kitanda kikasogea naye hadi mlangoni. Ndiyo siku ile niliyokupigia nikilia, nawe ukaniambia umeshapata nafasi katika ile nyumba ya wagonjwa yenye geti la chuma, na gari lao litakuja kumchukua mwisho wa mwezi. Nilikubali. Nilikuwa nimechoka kumwogopa mama yangu ndani ya nyumba yake.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Unakumbuka kwamba dawa ile ilianza vizuri. Kabla yake Mama alikuwa anasikia watu wakimsengenya ndani ya friji, akitaka kulivunja kwa shoka awatoe. Vidonge vikawanyamazisha, sote tukashukuru. Kisha akaanza kulalamikia miguu. Alisema nyama inacheza kwenye mifupa, kwamba amekuwa kama mnyama aliyetoka kuchinjwa. Siku ya kliniki wewe ndiye uliyeingia naye kwa daktari, ukamsemea kwa sababu uliona anababaika. Ulimweleza daktari kwamba sasa Mama anaamini amechinjwa. Daktari akaona ugonjwa umepanda, naye akapandisha dozi. Njiani tulicheka, mimi na wewe, tukasema Mama ameishiwa wateja sasa anajipima mwenyewe kwenye mizani. Yeye alikuwa kiti cha nyuma, akipiga sakafu ya gari kwa miguu yote miwili.

Wiki iliyopita gari la machinjioni lilituletea nyama ikiwa bado na joto. Bonge alitundika paja zima kwenye kulabu, karibu na mlango wa chumba cha Mama. Wewe umekulia buchani, unaijua nyama ya namna hiyo. Msuli unaruka, unatulia, unaruka tena, na hakuna anayeuamuru. Mama alikuwa amefungwa kitandani. Alipoliona paja lile alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, akinitaka nitazame, nitazame pale, hicho ndicho kilichomo ndani ya miguu yake tangu alipoanza vidonge. Alisema ametuambia mpaka koo limekauka, sisi tukamwona mwehu. Nikalitazama paja. Nikatazama miguu yake chini ya shuka, ikikanyaga hewa. Mwanamke huyu alikuwa anaeleza maumivu yake kwa kazi yake, ile ile iliyotusomesha, na watoto wake wawili wa buchani hatukumwelewa. Nilichukua kisu nikakata kamba. Bonge alikimbilia nyuma ya friji, akidhani leo tunauawa wote.

Nilimpeleka kwa daktari siku ile ile. Ndani ya teksi alivunja kioo kwa teke na kumkaba dereva kwa mkanda wake wa kiti, nikampandia magotini mpaka tulipofika. Safari hii nilimwambia daktari amuulize Mama mwenyewe, mimi nikafunga mdomo. Mama alisimulia akiwa anazunguka meza. Daktari aliweka kalamu chini. Alisema dawa za namna hii, hasa kwa wazee, zinaweza kumtia mtu hali ya kutotulia ndani ya mwili, isiyomwachia kukaa wala kulala, na wengine hupiga watu, wengine hutamani kufa. Kwa nje inafanana na ugonjwa wenyewe, basi watu huongeza dawa, na kuongeza ni kumwagia petroli kwenye moto. Alisema ilikuwa juu yake kuuliza zaidi, akamwomba Mama radhi. Mama akamjibu kwamba radhi ataipokea akishaweza kukaa chini.

Dozi imepunguzwa kidogo kidogo. Hatukuikata yote mara moja, maana wale wa kwenye friji wangerudi. Amepewa na kidonge kingine cha kumpunguzia mchezo wa miguu. Naangalia asiinuke kwa pupa akaanguka, mikono isikakamae, na asikae siku nyingi bila choo. Mdomo unamkauka, mikono inatetemeka, namshikia kikombe naye ananitukana kwa kumshikia. Sikudanganyi kwamba amekuwa malaika. Juzi amenirushia sahani, ikapasukia ukutani karibu na sikio langu. Lakini jana alikaa. Alikaa kwenye kiti chake nyuma ya mizani, akanywa chai mpaka ikaisha, na hakuinuka. Bonge alilia waziwazi mbele ya wateja, akasingizia pilipili, na dukani kwetu hatuuzi pilipili.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nilipokuwa namwogesha nilikuta jeraha kwenye mguu wa kushoto, chini ya goti, limenyooka na limeshaanza kuwa kovu. Nikamuuliza limetoka wapi. Alilifunika kwa kiganja. Kisha akaniambia, na ninakuandikia kama alivyosema.

Siku ile ya shoka ulituambia kwamba Mama alikuvizia pale kwenye gogo la kukatia mifupa, kwa sababu asubuhi mlikuwa mmegombana kuhusu vidonge. Uliingia kwa mlango wa nyuma ukaona mgongo wake na shoka limeinuliwa juu. Hukuona mbele yake. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, na mguu wake ameulaza juu ya gogo. Alikuwa ameshashusha shoka mara moja, likakwaruza tu kwa sababu mikono inatetemeka, na alikuwa ameliinua tena. Alitaka kuukata ule mguu, kisha wa pili, ili apate kukaa. Wewe ulimrukia kwa nyuma, mkavutana, shoka likateleza likashukia bega lako. Hakukutaka wewe, kaka. Kama ungechelewa kidogo tu, tungemzika.

Nilimuuliza kwa nini basi ametuacha tuamini kwamba alitaka kumuua mwanawe, hadi kukubali kupelekwa kufungiwa nyuma ya geti bila kusema neno. Aliniambia nikome, na nikikuandikia atanitoa jino la pili. Alisema ni afadhali uishi ukijua una mama mwehu aliyetaka kukuua, kuliko uishi ukijua kwamba ni maneno yako kwa daktari yaliyompandisha kwenye gogo. Chuki yako anaweza kuibeba, alisema. Kukuona umevunjika hawezi. Kisha akanimwagia ndoo ya maji, akaniamuru nimletee taulo.

Nimemwasi. Sikuandikii ujilaumu, maana kicheko cha ndani ya gari tulicheka wote. Nakuandikia kwa sababu gari la ile nyumba linakuja kwa idhini yako, na wewe pekee unaweza kulizuia. Wakija bila kuzuiwa watanikuta mlangoni na shoka lile lile, na safari hii litakuwa limekusudiwa. Kisha njoo, kaka. Njoo mchana, upitie mlango wa mbele akuone unavyokuja, kwa sababu bado anaruka akishtuliwa kutoka nyuma. Huenda akakupiga. Vumilia. Na akikwambia kwamba siku ile alitaka kukuua, usibishane naye na usimwonyeshe kwamba unajua. Mwambie umemsamehe.

Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka kila siku. Bonge anakusalimu kwa jicho moja, la pili linafunguka taratibu. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako, tuliyenyonya ziwa moja.